Naomba ushauri: programu ya kutunza taarifa za wateja wa mapazia

Habari zenu wakuu. Tunashona na kufunga mapazia hapa Dar es Salaam, tuko watatu: mimi, fundi na dada anayepokea oda. Kila mteja ana maelezo yake: upana na urefu wa kila dirisha, rangi ya kitambaa, aina ya bomba, advansi aliyotoa, siku ya kwenda kumfungia. Mengi yako kwenye daftari, mengine kwenye simu ya dada. Mteja akirudi mwakani anataka la chumba cha pili lifanane na la sebuleni, inabidi twende kupima na kuangalia upya.

Kwa sasa tunatumia WhatsApp Business. Lebo zake zinasaidia sana kujua nani kalipa na nani bado, lakini hazibebi vipimo. Nimeangalia programu mbili za kutunza taarifa za wateja: Zoho CRM, ambayo toleo lake la bure linaruhusu watumiaji watatu, na Odoo. Wasiwasi wangu ni fundi akiwa saiti na mtandao unasumbua. Google Sheets (majedwali kama ya Excel) inafunguka hata bila bando ukiiandaa mapema, ila sipendi kila mmoja aone namba na makazi ya wateja wote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatugusa hata sisi wadogo.

Aliyetumia mojawapo kwa kazi ya vipimo naomba anisaidie: kwenye simu ya kawaida ya Android inajazika haraka? Na siku nikitaka kuhama, naweza kutoa taarifa zangu zote kwa Excel, pamoja na maelezo niliyoandika chini ya kila mteja?