Kususia ndege Marekani kupinga ukaguzi wa mwili: kunafika kwa mhusika?

Swali: Wakuu, abiria akisusia ndege kwa ajili ya mashine za TSA (idara ya serikali ya Marekani ya usalama wa usafiri) zinazomulika mwili mzima, serikali inaumia vipi? Naona anayepoteza ni kampuni ya ndege.

Mzani: Moja kwa moja haiumii sana. Ada ya usalama, dola 5.60 kwa safari ya upande mmoja, imo ndani ya tiketi, na fedha nyingine hutolewa na Congress, yaani Bunge la Marekani. Ukisusa kimyakimya, kampuni itadhani nauli imekushinda. Iandikie: taja safari uliyoacha, tarehe, nauli na sababu, nakala kwa mbunge wako. Bila barua hiyo hakuna mgomo, kuna kiti kitupu tu.

Mwanasheria: Mkuu kasema kweli. Novemba 24, 2010, siku moja kabla ya sikukuu ya Thanksgiving, abiria walihimizwa wakatae mashine ili foleni zikwame. Waliokataa walikuwa wachache, foleni zikaenda. Mahakama ilibana zaidi: Julai 2011 mahakama ya rufaa ya Washington DC ilisema TSA ilipaswa kupokea maoni ya umma kwanza. Mwaka 2013 mashine za kumulika mwili zilizotumia eksirei ziliondolewa, kwa sababu programu ya kuficha umbo la mtu haikukamilika kwa wakati.

Pasi: Kwa anayelazimika kuruka: kataa kabla hujaingia kwenye mashine. Utapekuliwa kwa mikono, na mpekuzi awe wa jinsia yako. Una haki ya kuomba chumba cha faragha na shahidi wako. Begi lako lisitoke machoni pako. Pasi ya kupandia ndege ikiwa na herufi SSSS, alama ya ukaguzi wa ziada, huenda wasikubali ukatae.