Mrejesho: Forester ya tabo niliyotaka kuiongezea nguvu

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kama nifunge egzosi pana, intakula kubwa (kipoza hewa inayotoka kwenye tabo) na pampu ya mafuta yenye nguvu zaidi kwenye Subaru Forester yangu ya injini ya EJ20 yenye tabo, yaani feni inayosukuma hewa zaidi kwenye injini, mkaniambia nipime kwanza kompresheni, yaani kama silinda bado zinabana hewa vizuri. Ahsanteni sana. Silinda zote nne ziko vizuri, ila fundi alipofungua bomba la oili linaloingia kwenye tabo, akakuta kichujio chake kidogo kimeziba uchafu mweusi. Ningeongeza presha ya hewa ya tabo hivyo hivyo, tabo ingekufa kabla sijafika Chalinze.

Ubishi ulikuja kwenye kontroli boksi, kile kifaa cha umeme kinachoongoza injini. Fundi alitaka tufunge vifaa tu, eti "itajirekebisha yenyewe". Nikagoma. Hewa ikizidi bila mafuta kuongezwa, pistoni zinatoboka. Kijana mmoja akaipanga upya kwa kompyuta, presha ikatoka bar 0.8 hadi 1.1.

Siku ya pili gari likaishiwa nguvu ghafla, moshi mweusi nyuma. Roho ikaniruka! Kumbe hozi ya intakula imechomoka, klipu haikukazwa. Sasa kuyapita malori mlima Kitonga ni raha, ingawa mafuta linakunywa kweli kweli. Gharama? Mke wangu bado hajaijua.