Wete: chumba kinatazama magharibi, niweke dirisha gani?

Baba wa Wete:
Assalaam alaykum. Najenga vyumba vitatu, ukuta umefika kozi ya nne ya matofali, madirisha bado. Fundi anataka aluminiamu ya kusukuma kando, futi nne kwa nne. Chumba chetu kiko pembeni. Dirisha pekee litakuwa magharibi, na ukuta wa kusini kauacha mtupu. Nimekaa nyumba ya kupanga kama hiyo miaka sita. Feni ilikuwa ikizungusha joto lile lile, watoto tukiwatandikia mkeka ukumbini. Sitaki kujijengea tanuri kwa pesa yangu. Nifanyeje?

Seremala Chake:
Waalaykum salaam. Fungua huo ukuta wa kusini, yakhe! Kusi linatoka huko miezi yote ya baridi. Halafu upepo upate pa kutokea: toboa juu ya mlango wa ndani, uvuke mpaka upande wa kaskazini. Wakati wa Kaskazi utarudi kwa njia hiyo hiyo.

Magharibi acha tundu dogo tu, juu karibu na dari, hewa ya moto hupanda. Upenu wa futi tatu unakinga kusini na kaskazini kwa sababu adhuhuri jua liko juu. Magharibi haufai kitu: tangu saa kumi alasiri jua limeinama, linapita chini yake. Na pazia la ndani limechelewa, joto limeshavuka kioo.

Aluminiamu ya kusukuma unalipia futi nne, zinafunguka mbili.

Bi Mkunguni:
Mie naongeza sitara. Kioo, ukitaka kukaa bila mtandio, lazima ushushe pazia, na upepo umekwisha. Nyumba ya mama yangu ina madirisha ya mbao za kulaza, vibao vya mshazari vyenye nafasi kati yake: unamwona mpita njia, yeye hakuoni, na mvua ya masika ikinyesha huna haja ya kufunga. Wavu wa mbu weka, lakini unapunguza upepo, basi dirisha liwe kubwa zaidi. Na uoshwe, vumbi likijaa ni sawa na ukuta.

Baba wa Wete:
Ahsanteni sana. Kusini kuna ukuta wa jirani, hatua sita hivi. Upepo utafika?

Seremala Chake:
Wa nyumba au wa ua?

Baba wa Wete:
Wa ua, unanifika kifuani.

Seremala Chake:
Basi utapita juu yake. Fungua.

Baba wa Wete:
Alfajiri nakwenda kumwahi fundi kabla hajapanga kozi ya tano.