Breki za baiskeli ya safari ya Mkoani hadi Konde, Pemba

Salma: Assalaam alaykum jamaa. Ami, Hamadi kapata fremu ya baiskeli ya safari, atabeba mizigo nyuma. Atie breki za ringi, raba zinazobana ringi, au za diski, zinazobana sahani ya chuma katikati ya gurudumu?

Ami Fundi: Waalaykum salaam mwanangu. Kwanza aitazame fremu. Ina vinundu vya kufungia breki za V, zile za ringi zenye miguu miwili mirefu? Ina masikio ya kufungia breki za diski, mbele na nyuma? Isiyo na masikio haitiwi diski, na kuyachomelea kwenye uma ni hatari.

Hamadi: Shikamoo ami. Ina vyote. Usukani ni wa resi, uliopinda.

Ami Fundi: Marahaba. Basi hapo ndo pagumu. Mkono wa breki wa resi huvuta waya kidogo, na V yataka karibu mara mbili yake. Ukivioanisha, raba zitakaa karibu mno na ringi ili zishike; ringi ikiyumba kidogo inasugua, raba zikilika mkono unagota usukani. Tafuta V fupi, miguu ya milimita 80 hadi 90, au diski ya waya iliyoundwa kwa mkono wa resi. Mimi ningetia diski ya waya.

Khamis: Kwa nini si ya mafuta ami? Kidole kimoja tu inashika.

Ami Fundi: Inashika khasa. Lakini kuna mafuta ya DOT, kama ya breki za gari, na ya madini. Ukitia siyo, mipira ya ndani huvimba na breki hukwama. Bomba likitoboka Konde, sindano ya kutolea hewa utaipata kwa nani? Waya kila fundi anao.

Salma: Na zile za koleo, za ringi za baiskeli za resi?

Ami Fundi: Nyingi mwisho wake tairi ya upana wa milimita 28. Njia za vumbi zataka 35.

Khamis: Na V ina ubaya wake masika. Mchanga hunasa kwenye raba ukala ringi kama tupa. Ukiona ubavu wa ringi umebonyea ndani, usiipande, upepo wa tairi utaupasua.

Ami Fundi: Kweli kabisa. Hamadi, diski mpya izoeze kwanza: panda mwendo kisha punguza kwa breki, kama mara 20, bila kufunga gurudumu. Kibao cha breki cha ndani kikilika, kwenye diski nyingi za waya husogezwa kwa skrubu, maana ni cha nje tu kinachokwenda. Diski ya unene wa milimita 1.8 ikifika 1.5, itoe. Ukipaka mafuta cheni, ifunike diski kwa kitambaa: tone moja tu, na vile vibao vya breki ni vya kutupa.

Hamadi: Na chumvi ya pwani?

Ami Fundi: Ioshe baiskeli kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, ukaushe, utie grisi waya pale unapoingia kwenye ala. Huozea hapo.