Friji na vifaa vya jikoni vifanane na makabati, inawezekana bila kuviharibu?

MamaGoba:
Habarini wadau, naombeni mawazo kabla fundi hajaanza kukata mbao. Tunamalizia nyumba huku Goba, Dar, jiko letu ni la wazi, yaani limeungana na sebule, mgeni akikaa tu kwenye kochi anatazamana na friji. Makabati nayataka rangi moja ya krimu kutoka chini mpaka karibu na jipsamu, milango isiyo na vishikio, jicho likipita lisikwame popote. Shida ni vifaa sasa. Friji ninalo tayari, la silva, milango miwili, zima kabisa na silitupi, ila ni nene, kutoka mgongoni mpaka usoni ni sentimita 70 na makabati ya chini ni 60, kwa hiyo litatokeza na kuharibu mstari wote. Fundi anasema hakuna shida, analijengea kabati refu analifungia humo ndani kwa milango yake, ukitaka maji unafungua kabati kwanza halafu ndo friji. Mtungi wa gesi nao anauweka kabatini chini ya jiko, na maikrowevu juu kwenye kabati lenye mlango. Mume wangu kakubali, mi roho inasita. Je ni salama? Umeme wa Luku si utakuwa unaisha kila siku? Na kama hiyo njia haifai, nyie mlifichaje vyenu?

FundiBaridi:
Dada mwambie fundi aweke msumeno chini kwanza. Mi kazi yangu ni friji na AC, na hizi za kufungiwa kabatini naitwa kuziangalia mara nyingi sana. Friji kazi yake ni kuchota joto la ndani na kulitupa nje. Zile za zamani joto lilikuwa linatokea kwenye ule wavu mweusi wa mgongoni, ila nyingi za sasa yale mabomba yamelazwa ndani ya kuta za ubavuni ndo maana ukiweka kiganja pembeni unasikia vuguvugu, wakati mwingine joto kabisa. Sasa ukiziba pembeni, ukaziba juu, halafu ukaweka na mlango mbele, lile joto linaenda wapi? Linabaki humo humo, friji inalivuta tena, kompresa, ile mota inayosukuma gesi ya kupoozea, inanguruma mchana na usiku haipati nafasi ya kupumzika, umeme unaenda, maziwa yanachacha, na mwisho kompresa inakufa kabla ya umri wake.

Fungua mlango wa friji lako, pembeni ndani au karibu na droo ya mboga kuna stika yenye modeli. Tafuta herufi za daraja la hali ya hewa. N maana yake imetengenezwa kwa chumba cha nyuzi 16 mpaka 32, ST inafika 38, T inafika 43. Dar mwezi wa pili nje tu ni 32 au 33, jikoni huku unakaanga samaki inapanda zaidi, sasa kama lako ni N liko kwenye mpaka hata likiwa wazi, ukilifungia ndo basi tena. Nafasi ya hewa kila kampuni inaandika ya kwake kwenye kitabu, nyingi zinataka kama sentimita 5 nyuma na pembeni na zaidi ya hapo juu, kitabu cha friji lako ndo kisikilizwe. Halafu friji nyingi mpya zinatumia gesi ya kupoozea ya R600a ambayo inashika moto, kiasi chake ni kidogo lakini hiyo pia ni sababu ya watengenezaji kusisitiza matundu ya hewa yasizibwe.

Seremala_Keko:
Nimesoma, na FundiBaridi kasema kweli tupu. Ila dada usikate tamaa, kulifanya lionekane limezaliwa na makabati inawezekana bila kulifungia. Mi nikiingia jiko la mtu naona mlango wa friji wala hauudhi jicho, kinachoudhi ni ubavu wake, na lile pengo la juu ambalo kila mtu anajaza madumu na mabeseni. Ukiua hivyo viwili, umemaliza sehemu kubwa ya kazi.

Fanya hivi. Simamisha ubao mmoja kila upande, kuanzia sakafuni mpaka usawa wa makabati ya juu, rangi ile ile ya krimu. Yule mgeni wa kwenye kochi ataona ubao, hataona bati la friji. Kati ya ubao na friji acha hizo sentimita za kitabu. Juu ya friji weka kabati lenye kina cha 60, sio 35 kama makabati mengine ya juu, maana la 35 linazama ndani kule na hakuna mkono unaolifikia, ila hilo kabati lisiguse ukuta wa nyuma, liache na upenyo wa kama sentimita 10 kwa nyuma ili joto lipande lipite mgongoni kwake litokee juu. Na juu kabisa usizibe mpaka jipsamu, acha nafasi au weka wavu wa hewa wa rangi ya kabati. Hewa inaingia chini mbele, inapanda nyuma, inatoka juu, ni kama bomba la moshi tu.

Kuhusu kutokeza. Friji 70, nafasi ya nyuma 5, hiyo ni 75. Makabati yako ya chini ni 60, basi yasibandikwe ukutani, yavute mbele sentimita 10 yawe 70, na mabomba ya maji na waya utapitisha kwa raha huko nyuma. Graniti itabidi iwe pana zaidi na utailipia, usidanganywe kwamba ni bei ile ile, lakini unapata kaunta pana ya kukatia mboga na mstari unanyooka. Hapo friji litatokeza 5 tu, ambayo ni kama unene wa mlango wake, na inatakiwa iwe hivyo, kwa sababu mlango wa friji la kawaida ukiuzamisha usawa wa mbao utagonga ubao, hautafunguka vizuri na zile droo za ndani hutaweza kuzivuta.

Rangi sasa. Kuna stika za vinili wanazobandikia magari, unachagua krimu iliyo karibu na makabati. Au mtafute fundi rangi wa magari anayejua kazi, asugue kwa msasa laini, apige praima ya chuma halafu apulize rangi, mpelekee na kipande cha mlango wa kabati afananishe mchana kwenye mwanga wa jua. Kitu kimoja tu nakuomba kwa msisitizo, asije mtu akapiga skrubu kwenye ubavu wa friji ili kushikiza ubao. Humo ndimo mabomba ya gesi yamepita.

Na mbao, kwa unyevu wa Dar, makabati ya chini na ya karibu na sinki tumia marine board, yaani ubao unaovumilia maji, na MDF, ile ya unga wa mbao uliogandamizwa, iache kwenye milango na iwe imezibwa kingo zote vizuri. MDF ikinywa maji inavimba na hairudi.

BintiKisauni:
Hamjambo, mimi niko Mombasa, nimeona huyo dada hajajibiwa mambo ya gesi na kwangu hilo ndilo kubwa kuliko friji. Dadangu, gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja haiendi juu kutafuta dirisha, inashuka na kutulia chini. Ukiwa umeuweka mtungi kwenye kabati lililofungwa vizuri lenye milango ya kubana, gesi inajikusanya humo na huisikii harufu mpaka ufungue, na pengine kibiriti kiko mkononi. Kama ukuta wa jiko lako unatazama nje, jenga kikasha cha chuma cha wavu huko nje, mtungi ukae hapo na fundi wa gesi akupitishie bomba la shaba mpaka kwenye jiko. Jikoni panabaki pazuri na unapata droo nzima ya sufuria pale ambapo mtungi ungekaa. Kama kikasha cha nje hakiwezekani, basi kabati la mtungi litobolewe matundu makubwa chini kabisa usawa wa sakafu, yatokee nje ya ukuta, na ndani yake kusiwe na soketi wala waya wowote. Na lisipakane na friji.

Maikrowevu kuificha ni rahisi. Iwekee rafu yake ndani ya kabati, mlango uwe wa kufunguka kwenda juu na kubaki umesimama, ukitumia unaacha wazi mpaka ipoe, ukimaliza unafunga. Usiipandishe juu sana, bakuli la mchuzi wa moto kulishusha kutoka juu ya kichwa si jambo la kujaribu, hasa kama kuna watoto. Blenda na birika la umeme pia vina rafu hiyo hiyo kwangu, ila birika nalivuta mbele kabla ya kuchemsha, kwa sababu mvuke unapiga ubao wa juu na ule ukanda wa pembeni ya mbao unaanza kubanduka. Na hapo chini ya friji, ule ubao wa miguuni uwe wa kuchomoka, sehemu yenye vuguvugu na giza mende wanaipenda sana, lazima ufagie.

MamaGoba:
Asanteni sana jamani, Mungu awabariki. Nimeenda kuangalia stika, ni T, na nimegusa ubavuni kweli pana joto. Ukuta wa jiko unatazama nje kwa hiyo mtungi unatoka, hilo limeisha. Mume wangu kasoma hapa naye anauliza, kwa nini tusiuze hili tukanunua lile friji la kujengewa kabisa ndani ya kabati? Na mashine ya kuosha vyombo je, nayo inafichika?

Mzenji_Muscat:
Mie nipo Muscat, huku majiko mengi ya nyumba mpya yana hayo. Friji la kujengewa limeundwa tangu kiwandani lipumue kwa chini na juu, hewa inaingia kwenye ubao wa miguuni wenye matundu, inapita mgongoni, inatoka juu ya kabati, na mlango wa kabati unafungwa juu ya mlango wa friji vinafunguka pamoja. Linapendeza sana, sikatai. Lakini tazama ukubwa. Nafasi yake ya kawaida ni upana wa sentimita 56 na urefu wa kama 178, ndani unapata lita 250 na kidogo, kwa familia inayonunua samaki na nyama ya wiki nzima halitoshi, utaongeza friza na friza nayo utaificha wapi? Na likifa utatafuta jengine la kipimo kile kile, la sivyo kabati livunjwe. Mie kwa friji zima kama lako nisingeuza, ningefuata alosema seremala.

Mashine ya vyombo ndiyo kitu chepesi kuficha kuliko vyote. Tafuta ile ya kujengewa, upana 60 na urefu wa kama 82, inaingia chini ya kaunta na mlango wa kabati lako unafungwa mbele yake, vitufe viko juu kwenye ukingo wa mlango. Ila kitabu chake kinasema ubao wa mbele usizidi kilo ngapi, mpe seremala hicho kipimo kabla hajakata, ukizidi uzito mlango unaanguka wenyewe ukifungua. Na uweke ubavuni kwa sinki, maji ya kuingia na ya kutoka yawe karibu.

Seremala_Keko:
Safi sana Mzenji. Dada la mwisho kabla hujaita fundi umeme: soketi ya friji isiwe nyuma ya friji. Iweke ndani ya kabati la jirani au lile la juu yake, toboa tundu la kupitisha waya, ili umeme ukisumbua unachomoa bila kuvuta friji zima, na ile friji gadi, kifaa cha kulinda friji umeme ukiyumba, unaiona taa yake ukifungua mlango tu. Na sakafu ya hapo tailizi ziishie ukutani kabisa, mafundi wengine wanaishia pale kabati linapoanza, siku unalivuta friji kulisafisha magurudumu yanakwama kwenye ngazi.