Bima inanisukuma nirudi kazini kabla sijapona

Ndugu zangu wa Lubumbashi, niliumia mgongo mgodini, na daktari bado ananikataza kubeba mizigo. Hata hivyo bima ya mwajiri inanipigia simu kila wiki ikitaka nisaini barua ya kurudi kazini. Nifanye nini?

Jibu: Pole sana, kaka. Usisaini. Waombe waandike madai yao, kwa sababu maneno ya simu hayaachi ushahidi utakaouonyesha mahakamani.

Jibu: Ajali ya kazini inahusu pia CNSS, yaani mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii wa Kongo (DRC), kwa sheria ya mwaka 2016, wala si bima binafsi peke yake. Mwone mkaguzi wa kazi ukiwa na cheti kinachotaja kazi usizoziweza. Neno “mgonjwa” pekee, kwa maoni yangu, halitoshi.

Muulizaji: Asanteni. Kesho nitamwomba daktari aandike hivyo.