Shina la mwembe: kulipasua bila fremu, kwa fremu, au kwenye msumeno wa mkanda?

Fundi Gogo
Wakuu, salaam. Upepo umeangusha mwembe na nimebakiwa na shina la mita 2.5, kipenyo sentimita 70. Majirani walitaka kuni, nimewakatalia. Nataka mbao za meza, unene sentimita 5. Nimefikiria njia tatu: msumeno wa mnyororo mtupu kwa kufuata mstari wa chaki, msumeno huohuo ukiwa umefungwa kwenye fremu ya kupasulia (ile ya chuma inayoushikilia ukate unene uleule), au kulipeleka kwenye mashine ya msumeno wa mkanda. Mnashauri ipi?

Mama Randa
Mkanda, kaka. Unakula milimita 2 au 3 tu kila unapopita. Mnyororo unakula karibu 10. Pitisha mara kumi, sentimita 10 zimeshakuwa unga: hizo ni mbao zako mbili. Na uso wa ubao unatoka laini, randa haihangaiki.

Fundi Gogo
Ni kweli dada, ila gogo bichi la ukubwa huo linakaribia tani moja, na limelala bondeni ambako gari halifiki.

Kabari
Basi hapo mkanda umejitoa wenyewe. Funga fremu. Bila fremu niliwahi kupasua ubao mmoja nikiwa na uhakika kabisa na mkono wangu. Nilipoupima, kichwani ulikuwa sentimita 5, mkiani 3, na katikati una tumbo. Njia hiyo naitumia kugawa gogo libebeke tu, si kutoa mbao.

Fremu nayo ina sharti moja: inateleza juu ya uso ulionyooka, na gogo ni duara. Kwa mkato wa kwanza, pigilia juu yake ngazi au mbao mbili zilizonyooka, uzipime kwa pima maji kichwani na mkiani. Ukikosea hapo, kila ubao unaofuata utarithi kosa hilohilo. Ukishaingia kiasi cha hatua moja, gongea kabari nyuma ya msumeno ili ubao usiubane.

Mnoa Meno
Mnabishania fremu, mnyororo hamjautaja! Wa kawaida hunolewa digrii 25 hadi 30 kwa ajili ya kukata mti kwa kuukingama. Kupasua kwa urefu kunataka digrii 10 hivi. Ukitumia ule wa kawaida utafika, lakini polepole na uso utajaa michirizi.

Chota unga unaotoka uutazame kiganjani. Ukiwa na chembechembe, endelea. Ukiwa laini kama poda, simama unoe. Piga tupa idadi ileile kila upande, maana meno ya kulia yakiwa marefu kuliko ya kushoto, mkato unapinda.

Bapa, yaani chuma kirefu ambacho mnyororo unakizunguka, liwe refu kuliko upana wa gogo kwa sentimita 15 au zaidi, fremu inakula nafasi. Injini ya cc 60 itateseka kwa sentimita 70, tafuta ya 80 au 90. Ukimaliza ubao, iache ingurume taratibu dakika moja kabla ya kuizima.

Mzee wa Mbao
Wanangu, mti uliokua karibu na nyumba una misumari. Mimi niliona doa la bluu-nyeusi, dogo kama sarafu, kwenye uso uliokatwa. Nikalipuuza. Mkato wa tatu cheche ziliruka na meno manane yakaenda. Doa kama hilo mara nyingi ni chuma kimelala ndani. Bandua gome lote kwanza, maana mchanga uliojificha humo unaua makali.

Mwembe usiuache ukae, ukungu na wadudu wanauwahi. Vichwa vya mbao vipake rangi siku hiyohiyo, panga kwa vijiti vya unene mmoja vilivyosimama mstari mmoja toka chini hadi juu, kivulini penye upepo. Hesabu mwaka mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene.

Mama Randa
Na moyo wa mti usiuache katikati ya ubao wa meza, utapasuka hapo. Kaka, vaa miwani na vifuniko vya masikio, na simama upande ambao upepo unakuondolea moshi. Unainama juu ya injini saa nzima.

Fundi Gogo
Asanteni sana. Shikamoo, mzee. Naenda na fremu. Ngazi yangu imepinda kidogo, naweza kuinyoosha kwa vipande chini yake?

Kabari
Usihangaike nayo, mkuu. Tafuta mbao mbili zilizonyooka, uzifunge pamoja kwa vipande vya kukingama. Ukishapata uso wa kwanza, hutazihitaji tena.